Fungu la milioni sita: namna tulivyoling'oa kwenye bajeti ya kaunti

Juzi msomaji aliniandikia: "Dada, wadi yetu imepangiwa taa za barabarani ambazo hakuna aliyeziomba. Naanzia wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Mwaka juzi nilikuwa nauliza hayo hayo.

Kwetu zilikuwa milioni sita za tangi la maji na uzio wa zahanati. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti yetu hapa Kenya ilizitoa huko ikazipeleka idara ya vijana, zikaitwa "uwezeshaji wa jamii". Hakikutajwa kijiji wala kazi yoyote. Kila mtu sokoni alijua ni pesa za mwakilishi wadi kugawa apendavyo.

Nilikwenda kwenye kikao cha kamati hiyo Juni, siku chache kabla bajeti haijapitishwa, nikiwa na hasira na karatasi moja. Nikapewa dakika mbili. Mheshimiwa mmoja akanikata kauli mbele ya watu: "Mama, bajeti haisomwi na kila mtu." Ukumbi ukacheka. Mpaka leo nikipita pale kifua kinabana.

Mwaka uliofuata nilianza Septemba. Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 mwezi huo, na tangi letu lilikuwemo. Aprili makadirio ya bajeti yalipotoka, lilikuwemo. Nikatoa nakala zote mbili. Ripoti ya kamati ilipokuja, tukakaa na muuguzi wa zahanati kwenye benchi la wagonjwa, rula mkononi, tukishuka mstari kwa mstari. Tangi halikuwepo. Idara ya vijana, iliyokuwa na kiwango cha juu cha matumizi cha milioni 180, imeongezewa sita.

Hapo ndipo sheria ilipotusaidia. Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za serikali za kaunti za mwaka 2015 hairuhusu bunge la kaunti kuongeza wala kupunguza fungu zima la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake hicho. Milioni sita kwa 180 ni zaidi ya asilimia 3. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaweka hesabu hiyo juu kabisa, tukadai igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku ya kupitisha bajeti, pesa zilikuwa zimerudi zahanati. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, tuache kwenda vikaoni mikono mitupu. Chukua nakala mapema. Linganisha. Andika, usiishie kusema. Mwakilishi wadi akikuletea unga na viti vya plastiki, muulize vimetoka fungu gani, maana huenda ni dawa za mwanao. Hiyo bajeti ni yako, isome hata kama watakucheka.

Nawe wa taa za barabarani, tafuta kwanza mpango wa Septemba uone kama zimo. Kama hazimo, nitumie picha ya ukurasa huo na makadirio ya Aprili. Barua tutaiandika pamoja.