"Si litang'oka tu?" Jibu kwa mama mwenye mtoto wa miaka 7

SWALI: Habari dokta. Binti yangu ana miaka 7 na nusu, meno mawili ya ukubwani ya chini yameota kwa nyuma na ya utoto bado yapo mbele, yaani yamepanga foleni. Jirani kanielekeza kwa mtu anayeng'oa meno nyumbani kwake, huyo kasema tutoe hayo mawili na ya pembeni yake ili mapya yapate nafasi, nikichelewa mtoto atavalishwa bresi, zile nyaya za kunyoosha meno. Halafu gego moja la utoto limetoboka linamuuma usiku, kasema nalo tulitoe tu maana si litang'oka lenyewe. Niende? Mama, Morogoro.

JIBU: Mama usiende. Nashukuru umeuliza mapema, maana wengi wanakuja kwangu jino lishatolewa, wameliviringisha kwenye tishu, wanauliza sasa tufanyeje.

Hayo mawili ya mbele yasikunyime usingizi, tunayaona sana kwa watoto wa umri huo. Nawa mikono, shika jino la utoto kwa vidole viwili, lisukume mbele na nyuma. Likicheza mwache alitingishe mwenyewe, ale muhindi, ale muwa, litoke. Likishatoka lile la nyuma linasukumwa mbele na ulimi taratibu, inachukua miezi, wala hahitaji waya. Kama limegoma kabisa na la nyuma limeshapanda vizuri, daktari atapiga ganzi alitoe, basi.

Hayo ya pembeni ndiyo nataka tuelewane. Ukiyatoa kabla ya wakati meno mapya ya mbele yanajitanua kwenye nafasi isiyo yao, na wakienda mbali zaidi wakatoa na chonge za utoto, meno ya mbele yanalalia ndani na mstari wa katikati unaweza kuhama upande mmoja. Kwa hiyo huyo anayekuambia ng'oa usije ukavalisha bresi, ndiye anayekutengenezea safari ya bresi.

Sasa gego. Hapa ndipo nachoka kwa kweli, kwa sababu hili neno "si litang'oka tu" nalisikia kila siku, kwa wasomi na wasiosoma, mpaka kwa wafanyakazi wenzetu wa afya. Ndiyo litang'oka, lakini lini? Magego ya utoto yanakaa mpaka mtoto ana miaka 10 mpaka 12. Binti yako ana miaka 7 na nusu, kwa hiyo unaongelea jino ambalo lilitakiwa limtafunie chakula miaka 3 au 4 mbele. Na kazi yake si kutafuna peke yake, linalinda nafasi ya jino la ukubwani lililo chini yake ndani ya mfupa. Ukinyanyuka kwenye siti ya daladala aliyeko pembeni anasogea, na mdomoni ni hivyohivyo: gego la nyuma linaanza kutambaa kuja mbele, likishakaa pale, lile lililotakiwa kutoka halina pa kupita, linabaki limekwama ndani au linachomoza upande wa ulimi au wa shavu. Nikimwonyesha mzazi eksirei akaona jino zima limenaswa kwenye mfupa ndiyo anaelewa, ila hapo mtoto ana miaka 12 na tunaongelea matibabu ya miaka miwili na pesa ndefu.

Na hilo linalotambaa ndilo gego la kwanza la ukubwani, linaota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote la utoto kung'oka kulipisha. Wazazi hawajui kama limeingia. Wanaliona limetoboka wanasema ni la utoto, linaachwa linaoza, ndilo hilo analotakiwa azeeke nalo. Mwambie binti afungue mdomo juani, hesabu kutoka katikati kwenda nyuma, la 6 ni la kudumu.

Kwa gego lake linalouma, maumivu ya usiku maana yake uozo umefika kwenye mshipa wa jino. Mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno, hospitali ya mkoa wapo, apigwe eksirei. Mara nyingi linaokolewa: tunatoa sehemu ya mshipa iliyoharibika, tunaweka dawa, tunalivika kofia ya chuma, linaishi mpaka siku yake. Likiwa limeharibika kiasi cha kutookolewa ndiyo linatolewa, na hapo uliza kuhusu kile kipete cha chuma chenye kawaya kinachoshikilia nafasi isizibwe, usiondoke bila kuuliza, kwa sababu sehemu nyingine wanang'oa wanakuambia kwaheri. Kwa sasa mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Usisage kidonge ukaweka kwenye tundu, kinaunguza fizi. Akivimba shavu au akapata homa usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Bresi zenyewe msizikimbilie na msiziogope. Kwa miaka 7 inatosha mtoto aangaliwe kama taya zinakutana vizuri, nyaya kamili kwa wengi ni mpaka meno ya kudumu yameota karibu yote, miaka 11 au 12 huko. Mwanya wa katikati juu kwa mtoto wa miaka 8 wala si ugonjwa, kwa wengi unapungua chonge zikishuka. Naomba sana mzazi asifunge rababendi kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Mzizi wa jino umechongoka, rababendi inateleza inaingia chini ya fizi huioni tena, inapanda inakata mfupa kimyakimya, meno yanalegea yote mawili, mazima kabisa hayana hata tundu, na yanaweza kutoka. Hawa wanaobandika bresi za urembo saluni kwa gundi nao ni walewale. Jino linahamishwa na mzizi wake ndani ya mfupa, mtu hajapiga eksirei, hajui fizi ikoje, anavuta tu!

Na kwa kuwa nimewagusa hawa watu, niseme na la meno ya plastiki, maana mama wa mtoto wa miaka 7 pengine ana mtoto mchanga nyumbani. Mtoto wa miezi kadhaa anaharisha, ana homa, bibi anamfungua mdomo anaona vimbe nyeupe kwenye fizi pale chonge zitakapoota, anasema ni meno ya plastiki ndiyo yanamuumiza, anaitwa mtu na wembe au spoki ya baiskeli anachokonoa. Hicho kinachotolewa ni jino la mtoto ambalo halijakomaa, ndiyo maana ni laini, hakuna jino la plastiki duniani. Anaachiwa kidonda, damu inamwagika kwa mwili ambao tayari hauna maji, vifaa vilevile vimetoka mdomoni kwa mtoto mwingine, na chonge ya ukubwani iliyokuwa chini yake inaweza kuharibika au isiote kabisa. Wengine wanakufa. Kuharisha kwenyewe kumebaki palepale hakujatibiwa. Mtoto wa hivyo anaanza ORS nyumbani, anaendelea kunyonya, anapelekwa kituo cha afya apewe na zinki, na bibi aende naye ili akasikie mwenyewe kwa nesi.