Mtindi ukigoma Uyole, usiongeze sukari

Juni ya kwanza tangu nihamie Uyole, Mbeya, mtindi wangu uligoma. Maziwa niliyoyatia mbegu jioni, hadi mchana wa pili yalikuwa majimaji vilevile. Jirani akasema, "Weka kijiko cha sukari, dada, uwape nguvu wale wadudu." Nikaweka. Haukuganda, na watoto wakauliza kama hiyo ni chai iliyosahauliwa majani.

Kwa kuwa nilisoma baiolojia, nikajitungia sababu ya kisomi: bakteria wanachelewa kuwasha jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa. Nilikosea.

Mtazame E. coli, bakteria wa utumboni aliyechunguzwa kuliko karibu wote. Pasipo laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, protini fulani hukalia DNA yake kama komeo, jeni zikabaki zimefungwa. Laktosi ikiingia, sehemu yake hubadilishwa umbo, ikanasa kwenye lile komeo, nalo likaachia. Kwenye joto la mwili, kimeng'enya kipya, yaani protini ya kuvunja laktosi, huanza kuonekana baada ya dakika tatu hivi. Dakika tatu! Maji ya ugali hayajachemka. Kikiendelea kutengenezwa, chaweza kufika mara 1,000 ya kile cha mwanzo. François Jacob na Jacques Monod walieleza mtambo huo mwaka 1961, na 1965 wakapata Nobel pamoja na André Lwoff.

Kinachomchelewesha E. coli ni glukosi. Ukimpa zote mbili, anamaliza glukosi kwanza, anasita, ndipo anageukia laktosi, kama mgeni anayemaliza nyama ndiyo aguse mchicha. Bakteria wa mtindi ni ukoo mwingine na makomeo yao si yaleyale, lakini wale wa mbegu ya jana wametoka kwenye laktosi na wanaingia kwenye laktosi. Lita moja ya maziwa inayo karibu gramu 50. Sukari ya nini tena?

Tatizo lilikuwa baridi tu. Usiku wa Juni huku bakteria wanajivuta, jeni ziwe wazi au zisiwe.

Kwa hiyo chemsha maziwa kwanza (maziwa mabichi yana magonjwa yake), yaache yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, si wa wiki iliyopita, kisha mimina kwenye hotpoti na uiviringishe blanketi. Wangu sasa unashika kabla ya chai ya asubuhi. Shemeji yangu wa Makete, kwenye baridi kuliko huku, anaviringisha mablanketi mawili.