Kwa Anayeanza Sumo Mbali na Japani: Tazama Miguu

Karibu kila mgeni anayeingia klabu yetu ya sumo, mieleka ya Kijapani, hapa Ujerumani huja na maswali mawili: nitaongezaje uzito, na nitaanza lini kupambana? Yote mawili yanaweza kusubiri. Swali lenye faida zaidi kwako ni jingine. Pambano limekwisha kwa sekunde nne; aliyeshindwa alianza kushindwa wakati gani? Jibu lake karibu kila mara liko miguuni, na ukizoea kulitafuta huko utajifunza haraka hata kama Japani hujawahi kukanyaga.

Nianze na kutazama, maana sisi tulio mbali tunapata walimu wengi kwa njia ya macho. Mashindano makuu ya kulipwa ni sita kwa mwaka: Tokyo mwezi Januari, Mei na Septemba, Osaka mwezi Machi, Nagoya mwezi Julai, Fukuoka mwezi Novemba. Kila moja huchukua siku 15. Wanasumo 42 wa daraja la juu, makuuchi, na 28 wa daraja linalofuata, juryo, hupigana kila siku. Walio chini yao hupigana mara 7 tu. Pambano la mwisho la siku humalizika yapata saa kumi na mbili jioni kwa saa za Tokyo. Hiyo ni saa sita mchana Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo ndugu zetu wa nyumbani wana nafasi nzuri kuliko walioko Marekani, ambao hulazimika kukesha. NHK World, kituo cha Kijapani cha matangazo ya kimataifa, huonyesha muhtasari wa kila siku bila malipo, na kwa siku kadhaa za shindano hurusha moja kwa moja mapambano ya mwisho.

Usitazame kwa kufuata jina kubwa peke yake. Tafuta orodha ya vyeo, banzuke, ambayo hutolewa upya kabla ya kila shindano, kisha umfuatilie mtu wa katikati ya orodha mpaka siku ya 15. Ushindi wa mara 8 humpandisha au humlinda. Akipata 7, kwa kawaida atashuka. Ukilijua hilo, pambano la siku ya mwisho kati ya watu wawili ambao kila mmoja ameshinda 7 na kushindwa 7 litakufunza mengi, kwa sababu hapo hakuna anayecheza kwa mazoea. Vivyo hivyo mapambano ya kilele cha makushita, daraja la tatu. Mshahara wa kila mwezi huanzia juryo, na hapo ndipo utakapoona watu wakisukuma kwa roho yao yote. Mimi nayapenda hayo kuliko mengi ya mabingwa.

Pambano lile lile litazame mara mbili. Mara ya kwanza lifurahie. Mara ya pili ziba sehemu ya juu ya skrini, uone miguu peke yake. Utaona mshindi anaburura nyayo, vidole vikiwa ardhini, hatua fupi fupi. Utaona mshindwa ameinua kisigino, au amesimamisha miguu kwenye mstari mmoja wakati mikono bado inahangaika. Mbinu za ushindi zinazotambuliwa rasmi ni 82, na mgeni hutamani kuzijua zote. Mbili ndizo zinazotawala: yorikiri, kumtoa mtu nje ukiwa umemshika mkanda, na oshidashi, kumtoa kwa kumsukuma bila kushika. Zote mbili ni kazi ya kutembea vizuri.

Basi mazoezi nayo hufuata mkondo huo. Shiko, kule kuinua mguu mmoja juu na kuushusha kwa kishindo, si maonyesho. Inajenga nyonga, inafundisha kusimama na mguu mmoja bila kuyumba, na inaonyesha upande wako ulio dhaifu. Ifanye polepole. Anayeharakisha shiko anajinyima faida yake yote. Halafu suriashi: unachuchumaa, viwiko umevibana mbavuni, unasonga mbele bila kunyanyua nyayo. Hii unaweza kuifanya sebuleni, na hakuna anayeweza kukuambia kwamba huna klabu ya kukufaa. Ndipo ije butsukari, ambapo mwenzako anakupa kifua chake umsukume toka ukingo hadi ukingo. Ukichoka, hapo ndipo makalio yanapopanda na kichwa kinaposhuka, na hapo ndipo mkufunzi mzuri atakapokusahihisha.

Kuhusu shingo naomba unisikilize kwa makini. Usimgonge mtu kwa utosi. Usikubali kukimbilia mgongano wa kasi kamili katika majuma ya mwanzo, hata ukichekwa. Jifunze kwanza kuanguka kwa kujiviringisha, imarisha shingo, anza kwa kugusana mabega kwa nusu nguvu. Klabu inayomtupa mgeni ulingoni siku ya kwanza kupambana na mtu wa kilo 140, iache.

Uzito sasa. Sumo ya kulipwa haina madaraja ya uzito, lakini ya ridhaa inayo. Shirikisho la Kimataifa la Sumo lilianzishwa mwaka 1992, na katika mashindano yake mwanamume wa chini ya kilo 85 na mwanamke wa chini ya kilo 65 wana daraja lao. Usile ovyo ukidhani unene ndio tiketi. Ura, ambaye watu humshangilia sana makuuchi kwa mbinu zake adimu, alipokuwa chuo kikuu alishindana katika uzito mwepesi. Kwa wanawake ridhaa ndiyo njia pekee, kwa kuwa sumo ya kulipwa haiwapokei. Ubingwa wa dunia wa wanawake ulianza mwaka 2001.

Kuna tofauti nyingine itakayokugusa siku ya shindano. Makuuchi wana dakika nne za kurusha chumvi na kukaziana macho, kisha wao wenyewe huafikiana wakati wa kuanza. Kwetu wa ridhaa hakuna chumvi. Mwamuzi anakuita, mnainama, mnaweka mikono chini, anatoa amri, mnaondoka. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kuondoka kwa sauti ya mtu mwingine.

Nikiulizwa kama Mwafrika ana nafasi huko juu, namtaja Osunaarashi wa Misri. Alianza kama mchezaji wa ridhaa kwao, akaingia makuuchi Novemba 2013, wa kwanza kutoka bara letu. Julai 2014, akiwa amefunga Ramadhani, aliwashinda mayokozuna wawili (yokozuna ndicho cheo cha juu kabisa), Kakuryu na Harumafuji, kwa siku mbili mfululizo. Lakini ujue mlango ni mwembamba: kila nyumba ya mazoezi huruhusiwa mtu mmoja tu kutoka nje ya Japani, na anayejiunga ni kijana, si mtu wa miaka thelathini. Wengi wetu tutabaki ridhaa, na ridhaa ina heshima yake kamili. Mwaka 2024 ubingwa wa dunia ulifanyika Krotoszyn, mji mdogo wa Poland, na ukumbini walikuwamo watu wenye kazi zao za Jumatatu.

Kwa shindano lako la kwanza, uliza mapema saa ya kupima uzito na kama kaptura inaruhusiwa chini ya mawashi, yaani mkanda wa sumo. Mara nyingi inaruhusiwa, na wanaoona haya kwa ajili ya stara wasikate tamaa kabla ya kuuliza. Mawashi hufungwa na watu wawili, wewe ukijizungusha na mwenzako akivuta. Ikilegea, mpinzani anapata mshiko wa bure, na ikifunguka mbele umeshindwa papo hapo. Nenda na mwenzako anayejua kuifunga, na mwambie avute zaidi ya unavyotaka.