Data za kubabaisha, mzee mzoefu na AI: tunaanzia wapi?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Tupo Kibaigwa, tuna kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Tununue kijiji gani na kiasi gani anaamua mzee wetu wa manunuzi, yupo kwenye hii kazi toka enzi na kiukweli hakosei sana. Bosi anataka tuweke AI maana mzee anakaribia kupumzika. Shida data zetu ni za kubabaisha, mawakala wanatuma WhatsApp "mzigo sio mbaya", "umekauka kiasi", na magunia ni lumbesa. Kuna jamaa anatuuzia sistimu. Inawezekana kweli kwa data hizi?

JIBU: Inawezekana mkuu, ila nahisi sio vile bosi anavyowaza. Wengi wakisikia AI wanajua unaimwagia kompyuta data za nyuma inajifunza yenyewe. Sasa huku Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, kwaiyo hata mkiwa na rekodi za miaka 6 mna misimu 6 basi, na modeli (ile programu inayojifunza toka kwenye data) ukiipa misimu 6 inakariri tu, ukija mwaka wa ajabu ambao haijawahi kuuona inawapoteza mchana kweupe. Data yenu kubwa ipo kichwani kwa mzee na ndo ya kuanza nayo kabla hajaondoka.

Maneno kama "umekauka kiasi" yana hesabu yake, inaitwa lojiki ya fazi (fuzzy logic), yani kitu kinaweza kuwa kweli kwa kiasi, sio ndiyo au hapana tu. Aliianzisha Lotfi Zadeh wa chuo cha Berkeley, Marekani, mwaka 1965, na aliyeonyesha kwamba inaweza kuendesha mtambo kweli ni Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa hapahapa Tanzania (sijui kwanini hatumtaji), yeye na mwanafunzi wake Assilian kule London waliendesha injini ndogo ya mvuke kwa sheria za maneno tu, aina ya "presha ikiwa juu kidogo, punguza moto kidogo", kazi ikachapishwa 1975.

Kwenu ingekuwa hivi. Badala ya kusema mbegu ni kavu au mbichi unaipa kiwango cha ukavu toka 0 mpaka 1. Mzee najua haongei asilimia, anachota mbegu kiganjani anavunja moja kwa meno anasikiliza inavyolia, basi mwache afanye hivyohivyo kwenye sampo nyingi, andika neno alilosema na pembeni andika kipimo cha mashine ya unyevu. Tuseme ikaonekana kuanzia asilimia 8 kushuka anasema kavu bila wasiwasi, 12 kwenda juu hagusi. Mzigo wa asilimia 10 ukavu wake ni 0.5. Angalia hapo, hiyo sio bahati nasibu kwamba nusu kwa nusu huenda ni mkavu, maana yake umekauka nusu, watu wanachanganya sana hapa.

Afu sheria zake. Ya kwanza, mbegu kavu NA bei ya kawaida NA njia inapitika, chukua tani 20. Tuseme ukavu 0.5, bei 0.8, njia 0.9, unabeba ile ndogo, 0.5, ndo nguvu ya hiyo sheria. Ya pili, mbegu mbichi LAKINI uwanja wa kuanika una nafasi, chukua tani 8. Ubichi 0.5, nafasi 0.3, unabeba 0.3. Sasa 20 mara 0.5 jumlisha 8 mara 0.3, gawa kwa 0.8 (yani 0.5 jumlisha 0.3), unapata tani 15.5. Excel inatosha kabisa, sheria zikizidi sana ndo mtafute kijana anayeandika programu kwa Python atumie scikit-fuzzy, ina hizi hesabu tayari. Mkiwahoji na wanunuzi wengine muhoji mmoja mmoja, kila mtu aandike kivyake kabla ya kikao, maana bosi akishaongea hakuna atakayebisha.

Lumbesa sasa. Msiigeuze kuwa namba moja ya uongo. Kama gunia lenu linacheza kati ya kilo 60 na 75, mzigo wa gunia 200 ni tani 12 mpaka 15, andika zote mbili na piga hesabu ya faida kwa zote mbili. Pande zote zikisema nunua, nunua. Zikipishana hapo ndo pa kwenda kupima, pima hata gunia 10 za kuokoteza kwenye huo mzigo, mizani ni bei rahisi kuliko sistimu yoyote ya huyo jamaa.

ChatGPT na wenzake mimi ningewapa kazi ya ukarani tu, wasome meseji za mawakala wajaze jedwali, wachague kati ya viwango vitano mlivyoweka, na lazima kuwe na chaguo la "hakusema", bila hivyo inajaza tu kitu cha kubuni na hamtajua. Pia "sio mbaya" ya wakala mmoja sio ya mwingine, linganisha kila wakala na kilichopimwa getini mtajua nani anatia chumvi.

Mzee na kompyuta wakipishana, mzee ashinde kwa msimu huu, ila aandike sababu siku hiyohiyo kabla matokeo hayajajulikana. Akiandika "hawa wanachanganya mchanga", hiyo ni sheria iliyokuwa inakosekana, iingizeni.

Na huyo jamaa mwambieni aendeshe sistimu yake kwa meseji za msimu uliopita tu, bila kumwonyesha mlinunua nini, afu aeleze kila jibu limetokana na nini. Akisema AI imeamua yenyewe, msilipe.