Mpinzani Anayesoma Msimbo Wako: Maswali na Majibu

Barua nyingi safari hii zinahusu jambo moja: namna watu wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, wanavyouzungumzia mradi wa upande wa pili. Nimechagua tano.

Katika mradi wetu, wanaotumia programu ya wapinzani tunawaita "kondoo". Ni utani wa ndani tu. Una ubaya gani?

Katika mradi huria hakuna ndani. Majadiliano yenu yamehifadhiwa hadharani, na mtu atayasoma hata miaka kumi ijayo. Tena fikiria huyo "kondoo" ni nani. Ni mtu ambaye tayari amekubali programu huria, ila amechagua nyingine. Ukimtusi humvuti kwako. Unamfanya aukimbie ujirani mzima. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Chukua mfano wa KDE na GNOME, miradi miwili pinzani ya programu huria inayotengeneza madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini ya kompyuta. KDE ilianza 1996. GNOME ikaanza mwaka uliofuata, kwa sababu waanzilishi wake hawakuridhika na leseni ya Qt, maktaba ya msimbo ambayo KDE ilijengwa juu yake. Ugomvi huo ulikuwa wa msingi kabisa, si wa rangi za vitufe. Hata hivyo, kuanzia 2000 freedesktop.org ikawa mahali pa kuafikiana viwango vya pamoja. Hapo ndipo ilipolelewa D-Bus, njia ya programu kupashana ujumbe. D-Bus ilichota mawazo kutoka DCOP, njia ya aina hiyo hiyo ya KDE, na KDE nayo ikaiacha DCOP yake na kuhamia D-Bus katika toleo la 4, mwaka 2008. Nikiona hivyo huwa najiuliza: kazi ya namna hiyo ingefanyikaje kati ya watu wanaoitana kondoo?

Lakini je, kama programu yao ni mbovu kweli? Unataka tuseme uongo kwa ajili ya adabu?

Sitaki. Adabu inayoficha hitilafu inawadhuru watumiaji, na hiyo si heshima. Ninachoomba ni usahihi. "Programu yao ni takataka" haimwambii mtu chochote. "Toleo hili, nikifungua faili lenye safu laki moja, linakwama, na hizi hapa hatua za kulirudia tatizo" ni sentensi kali zaidi, kwa maana inaweza kuthibitishwa, na aliyeandika msimbo huo anaweza kuamka kesho akaurekebisha.

Mwaka 1992 Andrew Tanenbaum, mwandishi wa mfumo endeshi wa MINIX, alitangaza kwamba Linux, mfumo endeshi mwingine, imepitwa na wakati. Hoja zake mbili kubwa zilikuwa kwamba kiini chake ni bonge moja badala ya vipande vidogo, na kwamba kimefungwa kwenye kichakataji cha aina moja, 386. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijibu kwa hasira, kisha akarudi kuomba radhi kwa lugha aliyotumia, bila kuziacha hoja zake. Hoja ya kichakataji ilikuwa na kitu cha kushika mkononi: kufikia toleo la 1.2, mwaka 1995, Linux ilikuwa imeanza kuendeshwa kwenye vichakataji vingine. Hasira za siku zile hazikuongeza hata mstari mmoja wa msimbo.

Hapa niseme neno kuhusu majedwali ya ulinganisho, maana naona yanaleta uchungu kuliko matusi ya wazi. Mradi unajipa alama za tiki kumi na mbili, mpinzani anapewa alama za X. Miezi sita baadaye mpinzani ameshaongeza nusu ya vile alivyonyimwa, na jedwali bado liko pale linamsingizia. Ukitengeneza jedwali, andika tarehe na namba ya toleo ulilolipima. Weka na safu ambazo wao wanakushinda. Na kabla ya kulichapisha, wapelekee walisome. Nimewahi kufanya hivyo, nikarudishiwa masahihisho matatu, yote ya haki. Bila wao ningechapisha makosa nikiwa na uhakika kabisa.

Wenzetu wamejitenga, wamechukua msimbo wetu wote wakaanzisha mradi wao. Tukiwaita wezi tunakosea?

Mnakosea, na kosa la kwanza ni la ukweli. Leseni mliyoichagua wenyewe ndiyo iliyowapa ruhusa. Mwizi ni yule anayefuta majina yenu kwenye tamko la hakimiliki, au anayetumia jina la mradi wenu ili watu wadhani ni ninyi. Kama hawakufanya hayo, tafuteni neno jingine.

Najua inauma. Umelea kitu kwa miaka, kisha wanaondoka na watu uliowafundisha. Lakini angalia yaliyotokea kwa GCC, programu huria inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta. Mwaka 1997 baadhi ya waandishi wake, waliochoshwa na mwendo wa polepole wa kupokea mabadiliko, walijitenga na msimbo wake wakaanzisha mradi wa EGCS. Mwaka 1999 EGCS ndiyo iliyofanywa GCC rasmi. Waliojitenga wakawa ndio walezi. Node.js, programu ya kuendesha msimbo wa lugha ya JavaScript nje ya kivinjari, nayo ilipasuka mwishoni mwa 2014, ukazaliwa mradi wa io.js, mwaka uliofuata pande mbili zikaungana na kutoa Node.js toleo la 4. Kuungana huko kulihitaji watu wanaoweza kukaa meza moja. Neno "msaliti" likishatamkwa mbele ya watu, meza hiyo huwa ngumu sana kuipata.

Na ninyi mnaojitenga, mna deni lenu. Katika tangazo la kwanza elezeni mnachotaka kujenga, wala msianze kwa orodha ya dhambi za mliowaacha. Washukuruni kwa kazi mliyoirithi.

Fundi wetu mkuu ni hodari kupita kiasi, ila huwatukana wapinzani kila wiki. Tunaogopa kumpoteza.

Hesabuni na mnaowapoteza kimyakimya: wale waliosoma maneno yake wakaamua kutojiunga. Hao hawaagi. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa ukali wake wa miaka mingi na kupumzika kwa muda, na mradi wa Linux ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Mwezi uliofuata akarejea kazini, na Linux iliendelea kutoka kama kawaida. Mwambieni fundi wenu faraghani, mtu mmoja anayemheshimu, na mkiwa na maneno yake hasa aliyoyaandika.

Miaka miwili iliyopita niliukashifu mradi fulani hadharani. Sasa nimepata hitilafu kwenye maktaba yao tunayoitegemea, na nina kiraka cha kuirekebisha. Naona aibu kukituma. Nifanyeje?

Kitume. Kabla ya maelezo ya kiraka andika sentensi mbili, si zaidi: "Niliwahi kuwaandikieni maneno yasiyofaa kuhusu mradi huu. Naomba radhi." Usieleze ulivyokuwa umechoka wala nani alianza. Kisha andika namba ya toleo, hatua za kuirudia hitilafu na jaribio linalothibitisha kwamba imekwisha. Wakikuomba ubadilishe kitu, badilisha. Wakichukua wiki tatu kujibu, subiri.