Tusiilaumu simu kwa tahajia mbovu za wanafunzi

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama umnyang'anye simu binti yako wa kidato cha pili, kwa sababu meseji zake ni za "xaxa mm cjui k2" (sasa mimi sijui kitu) na mwalimu amelalamikia insha zake. Nafundisha Kiswahili sekondari, na ushauri wangu ni kwamba usimnyang'anye kwa sababu hiyo. Fungua kwanza daftari lake uone kalamu nyekundu imepita wapi.

Kwenye insha ninazosahihisha, "xaxa" nakutana nayo kwa nadra. Nikiizungushia duara, mwanafunzi harudii, maana anajua fika kuwa neno ni "sasa". Yanayoninyima raha ni mengine: "hasante", "apa", "uku", "kurara" badala ya kulala, "ana kuja", "sita weza". Hayo si vifupisho vya meseji. "Hasante" hata imeongezwa herufi. Mtoto anaandika anavyotamka, au hajayaona maneno hayo kitabuni mara za kutosha yakamkaa machoni. Simu hapo inasingiziwa.

Vifupisho vyenyewe vina akili, tuseme kweli. Kwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, herufi s iko kitufe cha 7, unabonyeza mara nne. Herufi x iko kitufe cha 9, mara mbili tu. "Sasa" inakula mibonyezo 10, "xaxa" 6. Na meseji moja mwisho wake ni herufi 160. Ukizidisha, unalipia ya pili. Kwenye simu janja x haiokoi kitu tena, imebaki mtindo wa vijana. Wala kubana maneno hakukuanza na wao: sisi tulifundishwa darasani kuandika simu ya maandishi, ile ya posta iliyolipiwa kwa idadi ya maneno, na aliyeacha neno lisilo la lazima alikatwa alama.

Uingereza waliwahi kulipima jambo hili. Mwaka 2009 Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi walichapisha utafiti wa watoto 88 wa miaka 10 hadi 12, wakakuta waliotumia vifupisho kwa wingi ndio waliokuwa na uwezo mzuri zaidi wa kusoma maneno. Inaeleweka: huwezi kuandika "cjui" kama hujaisikia silabi "si" ikijitegemea.

Ila Kiswahili si Kiingereza, na hapa ndipo nina hofu ya kweli: irabu. Kwetu irabu moja inabeba sarufi nzima. Soma "akfka akmpa hela". Ni akifika akimpa, yaani bado hajafika na hela haijatoka? Au akafika akampa, mambo yameshakwisha? Kati ya -ki- na -ka- tofauti ni irabu peke yake, na ndiyo iliyomezwa. Vivyo hivyo "sm" inaweza kuwa sema, soma au simu. Wanaochati wanaelewana kwa sababu wanajua wanaongelea nini. Msahihishaji wa mtihani hajui. Wanafunzi waliozoea kuiacha nafasi hiyo tupu ndio ninaowaona wakichanganya nyakati kwenye insha za masimulizi: aya inaanza na "akaenda", katikati inageuka "anaenda", inamalizika na "akienda".

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie achague meseji yake mwenyewe, ndefu kidogo, aiandike upya kwenye karatasi kana kwamba anampelekea bibi yake kijijini, kila irabu mahali pake, kisha akusomee kwa sauti. Ukisikia "ana" halafu kituo halafu "kuja", msimamishe, mwulize neno limeanzia wapi na limeishia wapi. Jioni apate hadithi ya Kiswahili ya kusoma, hata nusu saa. Makosa ya "apa" na "uku" yanaondoka kwa kusoma. Mimi sijaona dawa nyingine. Na akishamaliza kazi zake, mwache achati na wenzake watakavyo.