Abiria anayeshuka Mwenge haendi Mwenge

Wadogo zangu mnaoanza kazi za mipango ya usafiri Dar es Salaam, nimeletewa tena matriki, yaani jedwali la safari ngapi zinatoka kila eneo kwenda kila eneo, ambayo Mwenge na Ubungo, vituo vya kuunganishia gari, zinavuta watu kuliko Posta, katikati ya jiji. Modeli ya mvutano, inayokadiria safari kwa ukubwa wa maeneo na umbali kati yake, mmeiweka; Furness, njia ya kuzidisha safu na nguzo za jedwali kwa zamu, mmeizungusha mpaka jumla zikalingana, na bado hizo si safari za jiji hili. Nawapenda, lakini hili tumeshalisema sana.

1. Ulizeni safari nzima. Mama anayetoka Bunju kwenda Muhimbili anaunganisha gari Mwenge. Mkimuuliza "umepandia wapi, unashukia wapi?" mnapata safari mbili, na seli ya Bunju–Muhimbili inabaki tupu. Kesho mpangaji ataitazama seli hiyo aseme gari la moja kwa moja halina abiria, na mama ataendelea kulipa nauli mbili. Muulizeni ametokea wapi kabla ya kufika kituoni, na mwisho wake ni wapi. Akisema Mbezi, andikeni Mbezi ipi: Mbezi Beach iko upande wa barabara ya Bagamoyo, Mbezi Mwisho iko barabara ya Morogoro.

2. Wanaogeuza. Hapa niliumia mwenyewe, kwa hiyo nisikilizeni. Tulidodosa abiria asubuhi barabara ya Kilwa, ndani ya daladala zinazotoka mjini kuelekea Mbagala Rangi Tatu. Fomu nyingi zilisema gari linakwenda Rangi Tatu, abiria anakwenda Kariakoo. Nikaona wadodosaji wamechanganya. Sikumpigia hata mmoja wao simu. Nilikaa ofisini nikabadilisha mwisho wa safari, fomu baada ya fomu, nikaandika Rangi Tatu, nikaita kazi hiyo kusafisha data. Modeli ikaonyesha Mbagala inavuta wafanyakazi wengi asubuhi, nami nikatafuta sababu, nikapata viwanda, nikaandika aya nzima ya kueleza. Kwenye kikao cha wadau dereva mmoja wa daladala akanyoosha mkono: "Injinia, na hawa wanaogeuza mmewaweka wapi?" Sikuwa na jibu. Watu wale walikuwa wamepanda gari kurudi nyuma mpaka mwisho wa ruti ili wapate siti, kisha wageuke nalo kwenda mjini. Fomu zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mahitaji ya kwenda mjini niliyapunguza kwa mkono wangu, tena kwenye vituo ambavyo watu wanakosa gari kiasi cha kulipia nauli ya kurudi nyuma. Tulirudia kazi, na ripoti ilichelewa. Tangu hapo fomu inayoonekana ya ajabu siigusi kabla sijaongea na aliyeijaza.

3. Matriki kulingana na hesabu za magari barabarani si uthibitisho kwamba ni sahihi. Mkiligawa jiji katika kanda 100, zina jozi 9,900 za kutoka na kwenda, ukiacha safari za ndani ya kanda. Vituo vyenu vya kuhesabia magari ni vichache mno kuliko hapo, kwa hiyo matriki zinazoweza kutoa hesabu zilezile hazina idadi. Watafiti Van Zuylen na Willumsen walipoonyesha mwaka 1980 jinsi ya kuchagua iliyo na uwezekano mkubwa zaidi, bado matriki ya awali, ile mnayoanzia, ilibaki na uzito wake. Wekeni vituo kadhaa pembeni msivitumie kwenye ukadiriaji, mpimie navyo. Tazameni pia urefu wa safari kabla na baada ya kuilinganisha matriki na hesabu. Zikifupika ghafla, programu inajaza barabara kwa safari za kubuni.

4. Sifuri. Furness inazidisha tu, na sifuri ukiizidisha mara elfu ni sifuri. Mkianza na matriki ya kabla ya Daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka 2016, wakati watu walitegemea pantoni au kuzunguka Kongowe, kila jozi iliyokuwa tupu kati ya Kigamboni na Kurasini itabaki tupu hata mkizungusha usiku kucha. Zipeni seli hizo thamani ndogo kutoka modeli ya mvutano kwanza, ndipo mbonyeze kitufe.